Busu la Kwenye Ngazi na Wiki ya Mateso

Jumapili, 12 Machi 1978

Itangazwe kwa wote wanaohusika, na kuku wasikie pia. Kuanzia leo saa mbili na robo asubuhi, mimi Melencio Racelis, mkodishaji wa spika na meneja wa wanamuziki (mmoja), sinyoi tena juu ya mdomo mpaka wimbo wa "Busu la Kwenye Ngazi" uingie kwenye Kumi Bora ya redio ya Lucena. Nimeapa mbele ya mke wangu Consorcia. Kauliza kama chini ya mdomo nitanyoa. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Hali ilivyo. Wimbo ni mzuri, nasema bila upendeleo. Rosauro, huyo mwanamuziki mmoja anayelala kwetu, kautunga mwenyewe Januari, amekaa kwenye ngazi za nyumba yetu. Anauimba amefumba macho. Suruali yake ni bugaluu pana: akigeuka yeye, suruali inageuka baadaye. Nini tena watu wanataka? Santuri mia tatu ziko chini ya kitanda. Tunalala juu kidogo kuliko zamani.

Lakini mkataba! Tuliuandika nyuma ya kalenda ya duka la mbolea, kwa mkono wangu mwenyewe, siku niliyokuwa na furaha. Wimbo usipoingia Kumi Bora kufikia Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, Rosauro yuko huru kwenda kwa Delfin Oabel. Delfin! Mwenye duka la santuri, mwenye meno mengi kupita mahitaji, meneja wa yule binti wa "Nirudishie Kitana Changu." Kitana kimekaa namba moja wiki ya tano sasa.

Leo baada ya misa Delfin kaniita mbele za watu. Ah, Mang Melencio, mzee wangu! Santuri zako mia tatu bado zipo zote, au panya wamenunua moja?

Watu wakacheka. Hata padre.


Jumanne, 14 Machi

Mpango wa kwanza. Kumi Bora hupangwa kwa barua za wasikilizaji na kusomwa kila Jumamosi adhuhuri. Basi nikaandika barua arobaini. Majina arobaini, wengine wajane, mmoja baharia. Nyingine nikaziandika kwa mkono wa kushoto. Jana nimezipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa redio, nimevaa kofia.

Leo asubuhi mtangazaji kazitaja hewani! Moyo ulinipiga kama ngoma ya sikukuu. Kasema anawashukuru mashabiki arobaini wa Rosauro, ambao wote wanaishi nyumba namba kumi na saba, mtaa mmoja. Kasema anamwomba bwana afya apite kuangalia kama choo kinawatosha.

Anwani niliiweka kwa makusudi. Redio huwatumia waandishi picha ya mtangazaji yenye sahihi. Nani angeacha picha arobaini?

Barua zimetupwa. Consorcia kaniuliza yule baharia analala upande gani.


Alhamisi, 16 Machi

Mungu hamtupi mja wake.

Mama mkwe wangu, Aling Pacing (mtaani kila mama mzima ni Aling), kaniita leo kuhusu spika. Kila mwaka, Jumatano ya Wiki Kuu, yeye ndiye mwenye Usomaji wa Mateso kwenye kikanisa cha mtaa. Ni nadhiri aliyoiweka tangu mume wake alipoumwa na nyoka akapona. Kitabu kizima cha Mateso ya Bwana huimbwa ubeti kwa ubeti, watu wakipokezana bila kukatiza, mpaka kiishe. Mwenye nadhiri anawalisha. Mimi nafunga spika juu ya paa ili hata wagonjwa na wavivu wasikie.

Analalamika. Vijana wanasinzia. Tuni ya zamani inawalaza kama watoto wachanga. Mwaka juzi wakaimba beti kwa tuni ya tangazo la sabuni, mwaka jana kwa wimbo wa dansi, na yeye akawafukuza na ufagio. Kasema anatamani tuni yenye uhai lakini yenye heshima.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Aling Pacing kauliza kama nina minyoo.

Fikiria! Kuanzia Alhamisi Kuu adhuhuri, redio zote zinafunga mdomo kwa heshima mpaka Pasaka ipite. Hakuna Kitana. Hakuna chochote. Tuni itakayoimbwa Jumatano kutwa kucha ndiyo watu watakayobaki nayo kichwani siku tatu nzima. Na itatoka kwenye spika. Na spika ni za nani?

Sharubu: nywele sita. Consorcia kahesabu.


Jumamosi, 18 Machi

Mazoezi, nyuma ya banda la nguruwe. Tatizo: wimbo wetu una mistari minne, ubeti wa Mateso una mitano. Mstari wa tano unabaki unaning'inia bila tuni, Pilato anataka kusema na hana pa kusemea. Rosauro akajaribu kujaza na "la la la." Nikamkataza, sisi si wapagani. Mwishowe karudia mstari wa nne kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayepanda. Vizuri ajabu. Nywele za mikono zilinisimama, za sharubu hazikutaka. Consorcia kasema kumbe busu limeongezewa ngazi.

Tukamwimbia Aling Pacing. Kasikiliza ameinamisha kichwa. Kafuta jicho! Kisha kauliza tuni hii imetoka wapi.

Hapo ningeweza kusema kweli. Nilikuwa na nafasi, na pumzi pia. Nikasema ni tuni kongwe, ya Hispania, fratri mmoja, mtawa wa huko, aliwafundisha wazee wetu miaka mia mbili iliyopita.

Kasema ndiyo maana ina heshima.

Njiani Consorcia kanikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu fupi ndiyo nzuri, mtu anafika mapema.


Jumatano, 22 Machi

Spika tatu. Moja imeelekea sokoni, moja mtoni, moja dirishani kwa Delfin Oabel.

Walianza saa kumi na mbili asubuhi. Rosauro kaongoza beti hamsini za kwanza, amefumba macho, amevaa suruali ya kawaida kwa amri ya Aling Pacing. Ilipofika Bustani ya Mizeituni, vijana walikuwa wameishika tuni. Ilipofika kwa Kayafa, wauza samaki walikuwa wameishika. Hakuna aliyesinzia! Watu walikuja ambao hawajaonekana kanisani tangu ubatizo wao, ambao hawakuuomba. Tambi za habhab, za kula bila mikono, ziliisha mara tatu. Kila mtu ameinua jani lake la mgomba mdomoni, anameza huku anaimba.

Delfin kaja saa tisa, eti kulalamika. Spika yako inamwangusha mama yangu kitandani, bwana. Aling Pacing kamwambia akae, mama yake atalala mbinguni. Akakaa. Akala majani mawili ya tambi. Nilimtazama mguu. Ulikuwa unapiga mapigo! Mguu wa Delfin Oabel, kwa wimbo wangu!

Nimekunywa kikombe kimoja cha pombe ya nazi kwa siri. Wiki Kuu haikatazi shukrani.


Ijumaa Kuu, 24 Machi

Mji mzima. Kinyozi anauimba akinoa wembe. Mwuguzi anauimba akichoma sindano. Jioni, kwenye maandamano, bendi ya matarumbeta nyuma ya jeneza la sanamu ya Bwana ikaanza tuni yake ya kila mwaka, ikachoka, ikaingia kwenye yetu. Polepole, kwa matarumbeta na ngoma kubwa. Mamia ya watu wenye mishumaa wanaimba mwendo wa "Busu la Kwenye Ngazi" na hawajui.

Rosauro alilia njia nzima kwa furaha. Kina mama wakasema tazama kijana mcha Mungu.

Delfin alikuwa mbele yangu, anaivumisha tuni puani. Nta ya mshumaa ikamdondokea kiatuni, hakuhisi.

Nimempigia Consorcia hesabu. Jumatatu redio inafunguka. Wanaupiga wimbo. Watu wanaruka: kumbe ndio huu! Barua zinamiminika. Jumamosi tuko Kumi Bora, siku ya mwisho ya mkataba, kama kwenye sinema. Consorcia kauliza kama nimemwungamia padre yule fratri wa Hispania. Nikamwambia padre ana foleni.

Nywele kumi na moja.


Jumatatu, 27 Machi

Naandika nikiwa ndani ya pipa la mchele. Pipa ni tupu, isipokuwa mimi na Rosauro.

Saa tatu asubuhi redio ikaupiga. Nilikuwa jikoni kwa Aling Pacing, nimekaa karibu na redio, tayari kupokea pongezi. Mapigo manne ya gitaa. Aling Pacing kapiga magoti! Kijiko mkononi, kapiga magoti, kafanya ishara ya msalaba. Kisha Rosauro akaanza kuimba habari za midomo ya msichana fulani, na kwamba mama yake amelala, na kwamba ngazi ya tatu hailii.

Sijawahi kuona mwanamke wa miaka sabini na moja akiinuka kwa kasi hiyo.

Kasema wameiba! Wameiba tuni ya Bwana wetu, ya fratri mtakatifu, wameitia uchafu! Nani huyu anayembusu nani kwenye ngazi, na sisi bado tuna majivu ya Kwaresima kwenye paji? Nje nikasikia mlango wa pili, wa tatu, wa kumi. Mtaa mzima ulikuwa na redio. Wakatoka na miavuli. Wakamwona Rosauro anakuja, amevaa ile bugaluu, anatabasamu, anapunga mkono kama mshindi.

Nikamvuta mkono, tukakimbia; anasema bugaluu haifai kukimbilia. Sasa najua.


Jumatano, 29 Machi

Habari njema! Mtangazaji kasema hewani kwamba tangu redio ifunguliwe hakuna wimbo uliopata barua nyingi kiasi hiki. Mia mbili na kumi na nne!

Nilifika Lucena kabla hajamaliza sentensi. Nikadai haki yetu. Kitana kilipata barua sitini wiki iliyopita, mimi nina mia mbili na ushee, nani namba moja? Mtangazaji kaniambia, Mzee, zisome basi. Nikasoma. Zote zinaomba santuri ichomwe. Tatu zinaomba na mwimbaji. Nikamwambia barua ni barua, kanuni haisemi mwandishi awe na furaha. Kaniangalia usoni. Kisha kauliza kama mimi ndiye wa nyumba namba kumi na saba.

Nilisahau kuvaa kofia.


Alhamisi, 30 Machi

Imebaki njia moja, nayo ni kweli. Sijaizoea, lakini mkataba unaisha keshokutwa.

Nimekwenda kwa Aling Pacing. Kina mama wote wa Usomaji walikuwepo, wanakunywa chai ya tangawizi na kusambaza kalamu. Nikasimama katikati, nikavua kofia, nikaungama. Nikasema: hakuna fratri. Hakuna Hispania. Tuni kaitunga Rosauro mwezi wa kwanza mwaka huu, kwenye ngazi zangu, na mimi ndiye niliyeiingiza kwenye Mateso. Hamkuibiwa. Ninyi ndio mliokopa.

Vikombe vikashushwa. Nilijiandaa kwa mwavuli.

Aling Pacing kaniwekea mkono begani kwa huruma. Mwanangu, kasema, usijitwike dhambi ya yule kijana. Tuni hii aliiimba bibi yangu akinibembeleza. Na wa mwisho kwenye benchi, Aling Tacing kipofu, akasema hata yeye, bibi yake, na fratri mwenyewe alikuwa na ndevu nyekundu. Wakaanza kubishana kuhusu ndevu. Mmoja alisema kahawia.

Nikawaambia ndevu nimezibuni mimi! Kumbe hata sikuzibuni. Sikuwahi kutaja ndevu.

Wamenipa kikombe cha chai na kalamu. Wakaniomba niandike barua ya mia mbili na kumi na tano, maana nina mwandiko mzuri.

Nimeiandika. Nilikuwa nimezungukwa.


Jumamosi, 1 Aprili

Adhuhuri. Tulisikiliza sote watatu, tumekaa kwenye ngazi. Kumi. Tisa. Nane. Rosauro alifumba macho kama anaimba. Namba moja: "Nirudishie Kitana Changu," wiki ya nane, maana wiki ya kufunga imehesabiwa nayo.

Rosauro kafunga mashati yake kwenye kanga ya Consorcia. Kaniambia, Kaka, hata hivyo ile Ijumaa nilisikia mji mzima ukiuimba. Nikamsaidia kukaza fundo. Kitu kiliingia jichoni, labda unywele. Kisha akaenda, na suruali ikamfuata.

Jioni Delfin kapita, meno yote nje. Kasema kijana ana kipaji, atamwimbisha nyimbo za dini. Ana tuni moja tayari, kongwe, ya Hispania, haina mwenyewe.

Consorcia kaleta chupa. Kanimiminia kikombe cha pombe ya nazi, kajimiminia na yeye, tukakaa. Baadaye kasema, Melencio, angalau umejifunza.

Nimejifunza sana! Kosa lilikuwa kuanza na huzuni. Wiki Kuu ni wiki ya huzuni, lazima wimbo wa busu uzame. Mwezi ujao ni Mei: maua, mabinti waliovaa vizuri, maandamano ya kanisa kila jioni, na Aling Pacing ameshaniambia spika nitafunga mimi. Fundi cherehani wa nyumba ya pili ana sauti. Anaimba polepole, kama anapiga pasi, lakini anaimba. Wimbo nimeshampa jina: "Nikumbatie Sokoni." Kina mama wakiuliza, nitasema ni wa Italia.

Sharubu nimenyoa leo asubuhi, kabla ya matokeo, ili nionekane vizuri kwenye picha za ushindi. Mpaka naandika haya, hakuna aliyegundua.