Saa ya Kituo na Vyumba Vyangu Vitatu

Jumatatu, 10 Juni

Mke wangu ametoa amri. Vyumba vyote vitatu vya nyumba yetu ya wageni vijae usiku mmoja, hata mmoja tu, kabla mwezi haujaisha. Visipojaa, anaingiza cherehani zake humo na mimi narudi dukani kwa kaka yake kuuza magodoro. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Hana wasiwasi hata kidogo. Ameshapima mlango wa chumba namba mbili kuona kama meza ya kukatia vitambaa itapita.

Kurudi kwa Shemeji! Mtu anayejilaza juu ya godoro mbele ya wateja na kukoroma ili waone ubora wake. Mwaka jana alinilazimisha nami nikorome. Akasema nakoroma bila moyo. Sirudi, na nimeapa.

Vyumba havina kasoro. Kasoro ni mji. Mtu aje huku kuangalia nini?

Jumanne, 11 Juni

Nimefanya utafiti. Nimepita nikiuliza mji wa namna gani unastahili kutembelewa.

Kinyozi wa jirani: mji lazima uwe na kitu kirefu, mgeni akitazame mpaka shingo imuume. Kwetu kitu kirefu kuliko vyote ni Kinyozi mwenyewe. Shemeji: mji wenye maduka ya kuuza vitu vya maana. Alisema hivyo akilipigapiga godoro. Mke wangu, bila kuinua macho kwenye mshono: vyoo visafi. Nikamuuliza, basi? Akasema basi.

Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita, alikuja kwa siku mbili tatu. Yumo chumba namba moja, kile chenye feni. Yeye anasema mji ni watu. Mji mzuri ni ule ambao mkweo anaona haya kukuuliza unaondoka lini.

Sijamuuliza. Naona haya. Lakini ana tiketi ya Jumatatu, Mungu akipenda. Mimi napenda.

Alhamisi, 13 Juni

Mgeni! Mgeni wa kweli, wa kulipa! Ni mkaguzi wa mizani, mtu mpole mwenye mkoba mzito. Nikampa chumba namba tatu, na asubuhi nikamkalia mezani kabla hajamaliza kikombe cha kwanza. Nikamuuliza ni kitu gani hasa kilichomvuta mjini kwetu.

Alifikiri sana. Akasema basi lilimwacha.

Nikamwambia asione aibu, aseme tu, lazima kuna kitu. Akasema kipo. Basi lilimwacha.

Ameondoka. Mimi nimebaki jikoni mpaka chai imepoa, akili inafanya kazi kama haijawahi. Wote wamekosea! Kinyozi amekosea, Shemeji amekosea, na mke wangu na vyoo vyake amekosea zaidi. Mgeni haji kwa sababu ya kitu cha kuona. Mji unaostahili kutembelewa ni ule ambao mgeni anashindwa kuondoka!

Jumamosi, 15 Juni

Mambo yameiva. Kituo cha mabasi kina saa kubwa juu ya lango. Kila abiria ana simu, lakini simu ikipishana na saa ile, watu wanailaumu simu. Kitu kikubwa kinaaminika. Madereva peke yao ndio hawaitazami, wanafuata simu za kampuni zao. Sasa basi. Mshale ukirudi nyuma nusu saa, abiria atakuwa bado anachagua karanga wakati basi lake limeshavuka daraja.

Nikaenda kwa mkuu wa kituo kujitolea kuosha kioo cha saa. Alikaribia kulia. Alisema tangu apewe kazi hiyo hakuna raia aliyejitolea hata kuokota ganda la ndizi. Akanishikia ngazi kwa mikono yake mwenyewe! Saa inafunguliwa kwa nyuma, darini, mahali penye vumbi na kinyesi cha popo. Nikaosha kioo. Nikashika mshale. Nikaurudisha nyuma nusu saa, taratibu. Nilipoteremka nilipigiwa makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jumapili, 16 Juni

Balaa. Hakuna aliyeachwa. Hata mtu mmoja!

Abiria walifika mapema, wakakaa kwenye mabenchi kama watu wanaosubiri ibada. Wengine walipata nafasi ya kusinzia. Mabasi yaliondoka yamejaa pomoni. Mimi nilisimama langoni na kibao changu cha VYUMBA VIPO, macho yamenitoka, mpaka Kinyozi alipopita na kuniambia saa ya kituo imekwenda mbele.

Haiwezekani. Niliurudisha nyuma kwa mkono huu huu! Nilikimbia nyumbani, nikaitundua saa ya ukutani ya mke wangu, nikaifungua mgongo kwa kisu cha siagi. Sasa nimeelewa. Ukiwa nyuma ya saa, nyuma ni mbele. Nimeishi miaka yote hii na hakuna aliyenifahamisha. Saa ya mke wangu haijafungika tena. Nimeificha chini ya kitanda cha namba mbili.

Kampuni za mabasi zimempigia simu mkuu wa kituo kumpongeza, naye akanipigia mimi. Anasema kumbe shida ilikuwa kioo, watu walikuwa hawaioni saa vizuri. Nikamwambia kwa jinsi nilivyoiona kwa karibu, inahitaji kuoshwa tena.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeosha tena, alfajiri. Safari hii nilisukuma upande usio sahihi, ambao ndio sahihi. Saa iko nyuma nusu saa kamili. Mkuu wa kituo alininunulia chapati.

Basi la kwanza likaondoka. Vumbi lilipotulia nikaona mtu mmoja amesimama katikati ya uwanja na masanduku yake, anaangalia saa, anaangalia barabara. Ameachwa! Nilimkimbilia na kibao changu, nikamwambia karibu sana, tuna kitanda safi chenye feni.

Akageuka. Mama mkwe.

Alisema feni anaijua. Alisema pia kwamba Mungu hakupenda aondoke, na kwamba hakuwahi kufikiri mkwe wake anampenda kiasi cha kumkimbilia uwanjani. Alilia kidogo. Nami nililia. Masanduku yake nimeyabeba mimi.

Jumatano, 19 Juni

Dada zake mama mkwe wamewasili, wote wawili, kumpa pole ya kuachwa na basi. Mmoja namba mbili, mwingine namba tatu. Yule wa namba mbili ameikuta saa chini ya kitanda na kumpelekea mke wangu.

Lakini ngoja! Vyumba vyote vitatu vimejaa! Nikamwita mke wangu, nikamwonyesha mlango mmoja mmoja. Nikamwambia amri imetimia, mwezi haujaisha. Akauliza nani analipa. Nikasema hilo halikuwemo kwenye amri. Akaniwekea mkononi saa yake iliyochanuka.

Jioni mambo yakazidi. Walioachwa na mabasi wakaja kubisha hodi. Kumi na zaidi! Wana fedha mkononi! Nimewafukuza mwenyewe, wateja wa kwanza wa saa yangu, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Wamekwenda kwa Shemeji. Amewaruhusu walale dukani kwenye magodoro ya maonyesho. Anasema wanayajaribu tu. Anawatoza.

Jumamosi, 22 Juni

Mji umechanganyikiwa. Abiria mmoja aliyeachwa alijipiga picha chini ya saa ya kituo, akiwa na saa yake mkononi, akaisambaza. Sasa watu wanakuja makusudi! Wanasema huu ndio mji ambao ukifika tu unapata nusu saa ya bure. Wengine wamekuja kupunguza umri. Mama mkwe naye anadai magoti yake yamepona. Mkuu wa kituo alitaka kuirekebisha saa, wageni wakamzuia kupanda ngazi.

Wote wanalala kwa Shemeji. Na kwa kuwa duka la magodoro halina choo, wote wanakuja kwetu. Mke wangu ameweka kiti mlangoni mwa choo, na kikapu cha fedha. Ningekuwa yeye, ningesema "vyoo visafi" mpaka sauti ikauke. Ananitazama tu, halafu anautazama msururu wa watu.

Jumapili, 30 Juni

Mwezi umeisha. Niko dukani kwa Shemeji tangu Jumanne, mke wangu hakungoja tarehe. Nakoroma. Anasema safari hii nakoroma kwa moyo wote, na wateja wanasimama kusikiliza. Imeniuma kuliko mwaka jana aliponisema vibaya.

Nimemwomba mke wangu siku moja zaidi kabla ya kuingiza cherehani. Amekubali, kwa sababu fundi umeme hawezi kuja mpaka Jumanne. Kwa hiyo nina Jumatatu nzima!

Maana nimeligundua kosa langu. Saa ilikuwa wazo dogo. Leo nimetembea mpaka njia panda nje ya mji. Pale pana kibao cha kuwaelekeza wanaoondoka, kimefungwa kwa nati mbili, na zote zimelegea. Kikigeuzwa kidogo tu, anayeondoka atazunguka mashambani kutwa nzima, kisha jioni atajikuta amerudi mjini, amechoka, anatafuta kitanda. Mlango wangu ndio wa kwanza!

Kesho najitolea kukipaka rangi. Mkuu wa kituo amefurahi mno, atanishikia ngazi. Na sitakosea tena upande. Nimekizunguka mara mbili, hakina nyuma.

Vyumba navyo vitakuwa vitupu kabisa. Mama mkwe na dada zake wanaondoka kesho asubuhi. Hawayaamini mabasi tena, wamekodi gari. Watapita pale pale njia panda. Nitawapungia mkono kutoka juu ya ngazi.