Zawadi ya Dizeli Takaungu

Kuna watu huamka wakaomba riziki, na kuna Mahadhi wa Barani, ambaye huamka akatazama riziki ya mwenziwe imeegeshwa wapi. Asubuhi hiyo ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara kuu pale Malindi: gari refu jeupe lenye mapazia madirishani, na soksi zimeanikwa nyuma. Nyumba nzima juu ya magurudumu. Mbele yake mzee mmoja mnene aliigeuzageuza simu mkononi kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiyemjua.

Mahadhi aliiweka sawa kofia yake ya Ijumaa, akasogea.

"Shikamoo, mzee. Safari ya mbali hii."

Mzee alifurahi kupata wa kuzungumza naye. Akasema anaitwa Mutuku, mfugaji wa Machakos, na yule mama anayemenya viazi ndani ni mkewe, Easter. Watoto wamekua, ng'ombe wameuzwa, nao wameamua kutembea dunia na jiko lao. Wanateremka Mombasa, wavuke mpaka pale Lunga Lunga, waingie Tanga, na Mungu akijalia wafike Dar es Salaam. Je, njia ya huko ikoje? Na mafuta yapatikana?

Mtu akiulizwa hivyo, naye maisha yake hajafika mbele ya Mombasa, adabu ni kusema sijui. Mahadhi aliinamisha kichwa kama aliyeleta habari ya msiba. Hadi Lunga Lunga, alisema, njia haina neno. Ila ng'ambo, mvua imebeba madaraja, malori yamelala foleni, na dizeli hakuna hata ya kunusa. Hiyo kidogo iliyopo wameichanganya na mafuta ya taa. Wiki iliyopita alishuhudia kwa macho yake basi zima likikata roho.

"Mimi sitaki chenu," alimaliza kwa upole. "Lakini nina mitungi ya dizeli safi nyumbani, ya meli. Nimeiweka kwa dharura ya ndugu. Na nyinyi sasa mumeshakuwa ndugu."

Mitungi ile, Mungu ndiye shahidi, ilijaa maji ya bomba. Juu ya maji palielea dizeli kiasi cha kumtosha mwenye kunusa. Gari lilikuwa na mafuta ya kuwafikisha mpakani, kwa hivyo mitungi ingefunguliwa ng'ambo, na ng'ambo hakuna anayemjua Mahadhi.

Lakini tusimwonee. Siku hiyo alikuwa na lake moyoni. Alimpenda Batuli, binti wa Mzee Faiz wa Takaungu, na Batuli mwenyewe hakukataa. Shangazi yake Mahadhi, Bi Zainab, alikwisha peleka posa mara mbili, ikarudi. Mzee Faiz alikuwa na neno moja tu: huyu kijana hula kutoka wapi? Mahadhi akatuma jawabu kwamba yumo katika biashara ya mafuta. Mzee akasema basi na aje mwenyewe, Jumamosi, aseme mbele yangu. Na akitoka hapa bila jawabu la maana, nyumba hii asiikanyage tena. Jumamosi ndiyo hii. Bi Zainab alikuwa ametangulia na kanga mpya.

Mzee Mutuku alilipa bila kuvutana bei. Mitungi ikapakiwa. Hapo ndipo tapeli mwenye akili huaga.

Mahadhi alilitazama gari tena. Akajiona akishuka kutoka kwenye nyumba yenye mapazia mbele ya mkwewe mtarajiwa, na mitaa yote ya Takaungu ikichungulia.

"Na mimi nateremka njia hiyo hiyo, hadi Takaungu," alisema. "Mkinipa nafasi, nitawaonyesha mashimo."

Walimpa nafasi, wakampa na chai ya maziwa, chapati, na nyama ya kukaanga. Karibu na Gede gari lilikanyaga tuta lisilokuwa na alama, mtungi mmoja ukalala ubavu, na kifuniko kikavuja. Mama Easter aliinama kupangusa. Alikipeleka kitambaa puani, akakikamua, akayatazama matone mkononi. Kisha akamtazama mumewe usukanini kupitia kioo. Lau Mahadhi angeinua uso kutoka kwenye sahani, angeteremkia pale pale Gede na kurudi kwa miguu.

"Na wewe, mwanangu," mama aliuliza, "huko waenda kwa nani?"

Tumbo likishiba, mdomo hulegea. Mahadhi alieleza yote: Batuli, baba yake, mashine ya dizeli ya kusaga mahindi aliyonayo mzee huyo, hata swali lenyewe la riziki.

"Na mkononi umebeba nini?"

Hakubeba kitu. Mama Easter alisikitika sana. Kwao Ukambani, alisema, mtu haendi ukweni mikono mitupu, na alivyosikia Pwani ndiyo zaidi. Mahadhi alikubali kwamba ndiyo zaidi. Mama akaendelea kumenya viazi.

Waliingia Takaungu kwa ile njia ya vumbi, na kweli watu walichungulia. Mzee Faiz alitoka barazani. Bi Zainab aliinuka na kanga yake, uso unang'aa. Dirishani pazia lilisogea, na Mahadhi alijua ni mkono wa nani.

Alipokuwa angali anasalimu, Mzee Mutuku alianza kuteremsha mitungi, mmoja baada ya mwingine, akaipanga miguuni pa Mzee Faiz.

"Huyu kijana wenu ana moyo," alisema Mama Easter. "Alituuzia dizeli hii, safi, ya meli. Nasi tumeona haifai aje kwenu bila kitu. Basi ni zawadi yake kwa mashine yenu."

Bi Zainab alimshukuru Mungu kwa sauti. Mzee Faiz, ambaye uso wake haukuwa na mazoea ya kucheka, alicheka. Mashine imekauka tangu asubuhi, alisema, na kina mama wale wanangoja na mahindi yao. Akaushika mtungi, akafungua, akanusa, akaridhika, akaelekea kwenye tangi.

Mahadhi alimfuata mbio.

"Mzee, hiyo ni ya meli. Ni kali sana kwa mashine."

"Basi itasaga upesi."

"Ingetulia kwanza, mzee. Imetikisika njiani."

"Itatulia ndani."

Mtungi uliinama. Mashine hiyo ndiyo iliyomlea Batuli. Ikifa leo, itakufa kwa mkono wa Mahadhi.

"Mzee, usitie," alisema Mahadhi. "Ni maji."

 Bi Zainab alijifunika uso kwa kanga mpya. Mzee Faiz aliuweka mtungi chini taratibu.

"Hii ndiyo mara ya kwanza unaniambia kweli kuhusu kazi yako," alisema. "Nimeisikia."

Mahadhi alizitoa pesa zote mfukoni, akazirudisha kwa Mzee Mutuku, kisha akasimama kama nguo iliyosahauliwa kambani. Nyuma ya pazia kulisikika kicheko, naye hakujua kama ni cha kumfukuza au cha kumngoja. Mzee Faiz alimnyooshea upawa. Dizeli ya juu aichote, ni zawadi na imepokewa. Akimaliza, avae kanzu ya unga, aanze kazi ya kusaga. Jawabu la posa litatoka siku mashine itakaposema imeridhika.

Mama Easter alipanda garini, akachungulia dirishani.

"Njia yako ndiyo ina mashimo, mwanangu. Nenda polepole."

Mzee Mutuku aliuliza kama ng'ambo dizeli ipo. Kila mtu alimtazama Mahadhi, upawa mkononi.

"Ipo, mzee," alisema. "Tele. Nendeni tu."

Hakuwa na hakika, lakini kwa mara ya kwanza maishani aliomba iwe kweli.