Siala za Mpaka wa Willis Zimetembea

"Miti imetembea," alisema Jeremiah, akajisogezea nafasi na kuketi.

Pale Rongo, kwenye benchi la fundi baiskeli, watu hawakuwa na mazoea ya kushtuka. Jeremiah aliitwa Ripota kwa kuwa habari humfikia kabla haijafika redioni, na mara nyingine kabla haijatokea. Fundi Kerosi, ambaye alilala rumande wiki moja akatoka na sheria zote na jina la Wakili, aliendelea kukwangua tyubu. Filister akaendelea kumimina chai. Ni Javan peke yake aliyepaliwa.

"Miti gani?" Filister aliuliza.

"Siala za mpakani kwa Willis. Zile wazee walipanda baada ya ile kesi ya mpaka. Willis ameenda soko ya ng'ombe Ogwedhi, kurudi, zimeingia kwake ndani. Zote. Kwa laini, kama watoto wa shule wakienda paredi."

"Zimenyauka?" Wakili aliuliza bila kuinua macho.

"Hata jani moja. Zimenona kukushinda."

"Basi hakuna kesi. Sheria ya mti inajulikana. Ukiuhamisha leo, kesho unanyauka, unakutaja. Hii haijataja mtu."

Javan akapangusa ndevu. Yeye aliitwa Semina, maana hapakuwa na semina yenye soda iliyompita tangu mradi wa miti uingie. Ndiye aliyekabidhiwa kile chombo cha mradi ambacho watu walikiita Kijiko: makali manne ya chuma unayopanga kuzunguka mche, unayakanyaga moja moja mpaka yakutane chini ya mizizi, kisha watu wawili wananyanyua mti pamoja na udongo wake, kama mtoto anayebebwa na blanketi lake bila kuamka. Mti unafika unakokwenda ukidhani bado uko nyumbani. Haunyauki. Kwa hiyo hautaji.

"Semina, wewe ndiye msomi wetu wa miti," Filister alisema. "Mti unaweza kutembea?"

"Kuna kitu inaitwa mmomonyoko," Javan alijibu. "Udongo ukiteremka, mti unateremka nayo."

"Lakini hizi zimepanda," alisema Ripota. "Kwa Willis ni juu."

"Huo ni mmomonyoko wa kisasa," alisema Wakili. "Na Kijiko kiko wapi?"

"Homa Bay. Kuna kikundi ya akina mama kule wanapanda miti ufuoni. Watakaa nacho mpaka mwisho wa mwezi."

"Kiliondoka lini?"

"Jana."

"Baada ya miti kutembea."

"Mimi sifuatilii safari za chuma, omera."

Filister akafunika sufuria. "Semina, mkeo Valary alipita hapa asubuhi akitafuta dawa ya mgongo. Nikamuuliza, mama, ulikuwa umebeba nini? Akasema ni mambo ya ndoa."

"Ndoa ni nzito," Wakili alisema.

Javan akanywa chai yake taratibu. Moyoni alikuwa ameshapanda kile kipande cha Willis ambacho miti ilikuwa imemwongezea: mahindi mbele, viazi vitamu kandokando. Hata magugu alikuwa ameshayapalilia.

Hapo ndipo Willis mwenyewe alipofika akikokota baiskeli yenye pancha. Akasalimia benchi zima kwa mkono, na mkono wa Javan akaushika zaidi.

"Jirani."

"Jirani."

"Pole kwa ile miti," Ripota alisema.

"Pole ya nini? Nimeiangalia vizuri, haijanyauka. Na wazee walisema siku ya kupanda, pale siala imesimama ndio mpaka. Mimi ni nani nibishane na siala?"

Chai ikamkolea Javan sukari. "Hiyo ndiyo roho ya Kikristo," alisema.

"Ila jirani, kuna lile kaburi la baba."

"Kaburi gani?"

"Si unajua lilibomoka, ng'ombe wakalikanyaga, nyasi ikafunika. Hata mtu mwenye macho anaweza kulipita akiangalia miti tu. Sasa liko kwako ndani. Na Jumamosi ndiyo siku ya kulijengea na kumwombea mzee. Shemeji yangu Mwikwabe anatoka Kegonga na ukoo wake wote. Wajomba wanatoka Homa Bay, na wale ukiwawekea omena wanakwambia omena wameiacha kwao ziwani. Nilikuwa nimeanza kuangalia fahali, nikasema ngoja kwanza. Mwenye kaburi ndiye mwenye wageni."

Kwa mara ya kwanza Wakili aliweka chini kikwanguo. "Hiyo ni sheria," alisema kwa sauti ya kanisani. "Marehemu si mpangaji."

"Yule wako mwekundu atatosha," Willis akamwambia Javan. "Yule wa nundu."

"Na mama je?" Filister aliuliza.

Mama yake Willis, Rael, aliwahi kukosana na machifu wawili, na wote wawili wakaomba uhamisho.

"Mama anasema nyumba ya mjane inafuata mzee wake," Willis alijibu. "Nimemwacha akifunga godoro."

Javan akatazama barabara ya Homa Bay, alikokipakia Kijiko kwenye lori kwa mikono yake, akimhimiza dereva aondoke upesi. Kisha akainuka, chai ikiwa nusu.

"Unaenda wapi, Semina?" Ripota aliuliza.

"Nimekumbuka jembe langu. Nimeliacha shambani."

"Jembe?" Wakili alisema. "Hili hili la kawaida?"

"Chukua na langu," alisema Willis. "Liko nyuma ya nyumba. Nimelinoa."

Jumamosi wageni walizikuta siala zimesimama pale pale wazee walipozipanda, vichwa vimeinama, majani yakining'inia kama nguo zilizoanikwa. Shangazi mmoja wa Homa Bay alisimama mpakani akajifuta machozi kwa kanga.

"Jameni, tazameni," alisema. "Hata miti inamlilia jaduong', mzee wetu."

Mama Rael alimtazama Javan, ambaye tangu alfajiri alikuwa akiwachotea wageni maji bila kuombwa na mtu.

"Hailii," alisema. "Inataja."