Taa Nyekundu ya Kinanda

"Hivi, hiyo mashine yako huanza kusikia lini?" fundi viatu wa chini ya ngazi alimwuliza Kinanda siku moja, sindano mdomoni.

Kinanda alicheka mpaka akashika mbavu. "Fundi, nawe! Inasikia nikiiamrisha. Nabonyeza hapa, taa nyekundu inawaka, inasikia. Nabonyeza tena, kiziwi."

"Heri yako," fundi akasema, akakirudia kisigino cha kiatu alichokuwa akishona. "Mke wangu hana kitufe."

Kinanda aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake, popote ulipoguswa, ulitoa sauti tamu. Kazi hakuwa nayo, ila shughuli hazikumwishia. Kile kinasa video, kidogo kama kipande cha sabuni, chenye kioo cha kukunjua, alikinunua kwa mlinzi aliyeacha kazi. Mlinzi alitaka kumweleza jambo moja kuhusu kurekodi, Kinanda akamkata kauli: "Kaka, mimi na mashine tumenyonya ziwa moja." Kitabu cha maelezo akakitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Meza ikatulia. Mwenyewe hakutulia.

Sasa, Bibi mwenye nyumba walimopanga alikuwa na mwana mmoja. Wapangaji walimwita Mrithi, maana alianza kumrithi mama yake angali hai. Mrithi alikitolea macho chumba cha pembeni, kile kinachotazama barabara, akifanye duka la simu. Lakini humo alikuwamo Mama Cherehani, mjane aliyelea watoto watatu kwa kushona sare za shule, na Bibi alikwishasema mbele ya watu: "Huyu hatoki humo mpaka aseme kwa kinywa chake kwamba anatoka."

"Kwa kinywa chake?" Kinanda alimwuliza Mrithi, na macho yakamng'aa kama ya paka aliyesikia kifuniko cha chungu. "Basi umekwisha pata. Kinywa hurekodiwa, ndugu yangu."

Wakapatana. Mrithi apate chumba, Kinanda apewe pale chini ya ngazi awe na studio. Fundi viatu atajua pa kwenda. Dunia ni pana, hasa kwa wasioulizwa.

Asubuhi Kinanda alisimama ukumbini, nje ya mlango wa Mama Cherehani. Mashine ameiwasha, ameitundika kifuani, taa nyekundu bado haijawaka. Akaongea na Mrithi kwa simu maneno machache, akakata, akabisha hodi.

"Mama yangu, nisaidie. Natengeneza mchezo wa kuigiza. Mpangaji anaaga nyumba. Mwigizaji wangu kashikwa na homa."

"Mimi na uongo hatujuani, mwanangu."

"Si uongo, mama, ni mchezo! Sema haya tu, basi." Akamtajia maneno.

Mama Cherehani alisimamisha gurudumu la cherehani. Alikuwa mtu wa kuwaonea watu huruma, ugonjwa usio na dawa. Kinanda akabonyeza, taa ikawaka.

"Mimi nakitoa chumba hiki kwa ridhaa yangu," mama akasema, akakiangalia chumba chake, na sauti ikatetemeka kwelikweli. "Sidai kitu, sidai mtu."

Kinanda hakuitazama kazi yake hata mara moja. Mpishi wa kujisifu haonji.

Jioni Bibi aliwaita wapangaji sebuleni kwake, fundi viatu naye akiwamo. Mama Cherehani akaambiwa kwamba anahama.

"Mimi?" akashika kifua.

"Tulia, mama, mashine itasema," Mrithi akamjibu.

Kinanda akakiweka kinasa mezani. "Shikamoo, Bibi. Mashine hii inapeleka mbele, inarudisha nyuma, inakwenda polepole, inavuta karibu mpaka ukaona kope."

"Marahaba. Umekata mahali?"

"Sijakata hata unywele, Bibi! Naapa. Mwanzo hadi mwisho. Mashine haijui uongo."

Kiapo ni mzigo mzito, lakini kuna watu hukibeba kama kofia.

Akabonyeza. Kiooni ukatokea ukumbi na mlango uliofungwa, na sauti tamu ya Kinanda ikasema: "Mrithi, tulia. Huyu mama ni laini kama mkate kwenye chai. Nitamwambia ni mchezo. Mama yako? Kikongwe yule macho yamefifia, atasikia sauti tu na kukubali. Wewe mfukuze yule mshona viatu, nataka pangu."

"Zima!" Mrithi akafoka.

Kinanda akabonyeza, lakini kidole kiliteleza kikaangukia pa kwenda polepole. Sauti yake ikatoka nene kama ya ng'ombe: "Kiii-kooo-ngweee..."

Mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya walinzi. Mwizi hangoji mlinzi abonyeze, kwa hiyo ikishawashwa hushika dakika za mwisho zilizopita, na ukibonyeza huzitanguliza mbele ya yote. Hilo ndilo alilotaka kusema yule mlinzi. Hilo ndilo lililoandikwa chini ya mguu wa meza. Na mcha Mungu anajua tangu zamani kwamba kuna uandishi usiongoja taa.

"Ulisema inarudisha nyuma," Bibi akasema taratibu.

"Inarudisha... Bibi."

"Rudisha pale nilipoitwa. Macho ndiyo yamefifia, masikio bado."

Akasikiliza tena. Kisha akaiacha iendelee mpaka kwenye "si uongo, mama, ni mchezo," na wapangaji wakageuka wote kumtazama Mama Cherehani, aliyekuwa akijifuta kwa ncha ya khanga.

"Mrithi. Ufunguo wa akiba wa chumba cha pembeni."

"Mama, huyu ndiye aliyenishawishi..."

"Ufunguo."

Ukatoka mfukoni. Bibi akautia kiganjani mwa Mama Cherehani na kumfumba vidole kimoja kimoja.

"Na wewe, Kinanda, mashine iache mezani. Mwenye mwana kama wangu anaihitaji."

Kinanda akapanua kinywa. Alikuwa na maelezo tele, matamu yote, yamepanga foleni.

"Kijana," fundi viatu akamwahi, "hebu tazama kwanza. Taa imewaka au imezima?"

Kinanda akatazama. Imezima.

Akafumba kinywa, akaokota viatu vyake mlangoni, akatoka.