Sauti ya Yadi Ambayo Haijajengwa

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano wa mtaa. Jiji linataka kujenga yadi ya kupangia mabehewa ya mizigo nyuma ya nyumba zetu, ukuta kwa ukuta na vyumba vya kulala. Malori yatapita barabara hii hii wanayovuka watoto kwenda shule. Madiwani watatusikiliza Ijumaa, kwenye ukumbi wa jiji. Kamati imeundwa. Mwenyekiti: Mchonga Funguo, jirani yangu, kwa makofi. Mimi: mjumbe wa maji ya kunywa. Maji! Mimi, fundi redio, mtu wa sauti!

Nikauliza kama kuna aliyewahi kusikia mabehewa yakiunganishwa. Mchonga Funguo akasema kelele ni kelele. Si kweli. Hii ya mabehewa ikoje hasa? Inaanzaje? Imenikaa kichwani jioni nzima. Nitawapelekea madiwani sauti yenyewe ukumbini. Tuone nani mwenyekiti.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu kuitengeneza mwenyewe. Trei ya kuokea, bati, na mtungi mtupu wa gesi nikauviringisha kwenye ngazi. Mama mkwe akatoka chumbani akasema hiyo si treni, huyo ni mtu kaanguka na vyombo. Nikaongeza masufuria. Akasema sasa wameanguka wawili. Mke wangu alitaka tu kujua trei itarudi lini jikoni. (Imepinda. Sijamwambia.)

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwenye yadi ya zamani, upande wa pili wa jiji. Mlinzi akanikatalia kuingia. Nikamwambia mimi ni mkaguzi wa kutu. Akaniuliza kutu gani. Sikuwa nimejiandaa. Nikakaa kwenye benchi nje ya uzio, nikawasha kinasa sauti.

Ajabu! Haianzi kwa kishindo. Kichwa cha treni kinasukuma behewa la kwanza, ko, kisha ko-ko-ko-ko inakimbia kutoka behewa hadi behewa, inafifia, inafifia, mpaka mwisho wa reli. Je, behewa la mwisho linampa nani hiyo ko? Nikafumba macho nisikilize vizuri.

Mlinzi aliniamsha wakati wa kufunga geti. Sijalala vile tangu nioe.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Kinasa sauti kimenasa yote, na juu yake mkoromo wangu. Nimehangaika asubuhi nzima kuutoa. Hautoki! Ukiondoa mkoromo, na kichwa cha treni kinaondoka nao. Basi mkoromo ndio kichwa cha treni. Nani atajua?

Mchana nimepandisha spika juu ya paa ili watu wapandwe na hasira kabla ya kikao. Nikafungulia. Hakutoka mtu. Nikashuka kuangalia. Mtoto wa jirani yetu nesi, anayelia tangu azaliwe, kalala. Nesi kalala. Mama mkwe kalala kitini, mdomo wazi. Mchonga Funguo kasinzia mashineni, kachonga ufunguo wa mteja mpaka umekwisha. Alipozinduka akanifokea: niko upande wa nani? Amenikataza kugusa hata waya ukumbini. Wivu tu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimegusa waya. Mchonga Funguo alipokuwa anatafuta miwani asome hotuba, nikachomeka kinasa sauti kwenye spika za ukumbi. Ko-ko-ko-ko. Mkoromo. Ko-ko-ko. Diwani wa mbele akaegemea mkono. Kidevu cha mwenyekiti wa kikao kikashuka kifuani. Mhandisi wa reli, mama mmoja nadhifu, akatabasamu, akaniomba nakala. Angependa na wananchi wa miji mingine waisikie. Mtaa mzima ukageuka kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Hapo mke wangu akasimama. Hajawahi kusema mkutanoni.

"Waheshimiwa," akasema, "hiyo mliyoisikia si treni peke yake. Na mume wangu yumo."

Ukumbi ukaamka.

Akasema amelala kando ya kelele hiyo miaka yote ya ndoa. Mgeni akiisikia kidogo huiona tamu. Mwenye kuishi nayo hana pa kuhamia kukikucha. Kisha akamgeukia mhandisi, akamuuliza kwa upole ni malori mangapi yatapita mbele ya shule, na saa ngapi. Mhandisi akafunua karatasi. Akafunua tena. Akaomba muda wa kuitafuta idadi. Madiwani wakaahirisha uamuzi: hakuna kujenga kitu mpaka malori yajulikane na kelele zipimwe mtaani kwetu. Vigelegele! Mke wangu akabebwa juu juu. Mimi nilibeba maji.

Njiani nilimuuliza kama kweli ninakoroma hivyo. Akasema pale nilikuwa nimejizuia.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kachaguliwa makamu mwenyekiti. Mimi nimeondolewa kwenye maji. Sina kinyongo. Bila sauti yangu tusingeshinda. Watu hawajaliona hilo tu.

Jambo jipya. Jumatatu anakuja mpimaji wa jiji kupima utulivu wa mtaa, ili ulinganishwe na kelele za yadi. Kila kitu kinategemea tuwe kimya. Lakini utulivu unapimwaje? Kifaa kinasikia nini pasipo na kitu?

Mke wangu ameniomba jambo moja: nikae ndani. Nitakaa, baadaye. Kwanza nimeazima gari lenye vipaza sauti vinne. Nitapita kila kona kuwatangazia watu wanyamaze. Nilipanga nimalize kabla mpimaji hajafika. Hapana. Nitaanza akishafika, aone tunavyojitahidi.