Orodha ya Watoto Waliokingwa

Kuanzia Jumatatu hiyo ya mwaka wa tisini na nane, ilitangazwa rasmi kwamba hakuna mtoto wa Garsen atakayedhurika na intaneti. Tangazo lilisomwa na Bwana Jairus, Afisa wa Kinga ya Kompyuta kwa Shule za Msingi. Mpaka siku hiyo hakuna mtoto aliyekuwa amedhurika, kwa hiyo kazi ilianza vizuri.

Kompyuta yenyewe ilikuwepo. Ilikaa ofisini ndani ya katoni, kwa usalama, ikingoja umeme. Bwana Jairus alikuwa ameiona intaneti Nairobi kwa robo saa, na robo saa hiyo ilimtosha. Alichora kompyuta ubaoni, akatundika mkeka, akamweka Guracha wa darasa la tano nyuma ya mkeka awe mtu asiyejulikana.

"Mimi ni mtoto kama wewe," Guracha alisema kwa sauti nzito ya muuza ng'ombe. "Unaitwa nani? Baba yako nani? Mnakaa wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Huku, watu wakikutana malishoni huulizana habari mpaka ziishe: jina, baba, babu, boma liko wapi, nyasi ziko wapi. Mtoto asiyejibu huonekana hakulelewa. Siku ya kwanza watoto waliueleza mkeka kila kitu, hata kwamba ng'ombe wao mweupe anaumwa jicho. Bwana Jairus alishika kichwa.

Akawafundisha wiki tatu. Asiyejulikana haambiwi kitu. Hata akisema ni ndugu. Hata akisema ametumwa na serikali. Hata akitoa peremende. Akizidi kuuliza, aitwe mwalimu.

Wakashika. Wakashika kiasi kwamba hata mjomba mmoja aliyetoka Minjila kutafuta boma la dada yake alizungushwa mjini mpaka adhuhuri, kisha akapelekwa kwa mwalimu mkuu.

Ndipo makao makuu yakataka orodha: watoto arobaini, majina yao, ya baba zao na vijiji vyao, kabla ya Ijumaa saa sita. Orodha ikifika, Bwana Jairus angepewa uhamisho wa Mombasa aliouomba kwa miaka minne. Mkewe alikuwa huko, na mtoto wao mdogo alikuwa ameanza kumwamkia kama mgeni.

Rejista za shule zilikuwa zimechukuliwa na mafuriko ya El Nino. Ikabidi watoto waulizwe.

Aliuliza. Watoto wakainamia madawati.

"Lakini mimi mnanijua," alisema.

"Tunakujua uso, bwana," alijibu Nasteha, msichana wa dawati la mbele, bila kuinua macho. "Kwenu hatukujui."

"Nimetumwa na serikali."

"Hata hilo ulisema atasema."

Bwana Jairus akatoa peremende. Watoto arobaini wakaziangalia, wakameza mate, kisha wote kwa pamoja wakamwita Mwalimu Tamar, mwalimu mkuu.

Nje, gari la makao makuu lilikuwa linapiga honi. Bwana Jairus akampa Nasteha fomu na kalamu. Waandike wenyewe, alisema, kisha Mwalimu Tamar aifunge kwenye bahasha. Yeye hataisoma, ndivyo isemavyo kanuni ya saba ya kinga, na aliitunga mwenyewe. Na ili waone kwamba kujitaja hakuumi, akaanza yeye.

"Mimi ni Jairus, baba yangu ni Laban, kwetu Kilelengwani, nyumba ya tatu ukitoka kisimani. Ufunguo huwa juu ya mlango. Mmeona? Nimekufa?"

Nasteha aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri. Wenzake wakamtazama, hakuna aliyeongeza neno. Bahasha ikafungwa, ikapigwa muhuri, gari likaondoka.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Bwana Jairus alilisoma mbele ya darasa, kwa sauti, maana alitaka wamuage vizuri.

Makao makuu yalifurahi. Katika nafasi arobaini, moja ilikuwa imejazwa kikamilifu, hata mahali pa ufunguo. Mwanafunzi Jairus Laban wa Kilelengwani alipewa pongezi na madaftari mawili. Ila ilionekana wazi kwamba somo bado halijamwingia, hivyo arudie tangu mwanzo. Kuhusu barua yake ya kuomba kwenda Mombasa, ofisi ilisikitika: mwanafunzi hahamishwi mwaka ukiwa katikati.

Bwana Jairus alisoma mpaka kwenye muhuri, kisha akabaki amesimama na madaftari yake mkononi.

Nasteha akasogea kidogo kwenye dawati, akamwachia nafasi.