Mtu wa Vijana Kwenye Chumba cha Projekta

Jumatatu, 3 Machi
Siku kubwa. Meneja wa ukumbi wetu wa sinema ametuita ofisini: mimi wa projekta, na mwenzangu wa dirisha la tiketi, ambaye humu nitamwita Kasuku kwa sababu hurudia kila asemalo Meneja, ila kwa sauti ya juu zaidi. Meneja, ambaye ni mama mtu mzima, amesema Jumamosi mchana tunabaki na watazamaji sita na paka. Anataka vijana. Atakayewaleta atakuwa Mkuu wa Vipindi na atahamia chumba chenye dirisha.

Kasuku akasema vijana wanataka filamu za mapigano. Nikacheka kidogo, kwa adabu. Nikaeleza kwamba kijana hataki kuona ngumi, anataka kujiona. Dawa ni filamu za kupevuka. Mtoto anaanza hajui kitu, anamaliza akijua kwamba hajui kitu, na katikati kuna baiskeli. Nimetazama kumi na nne. Nimelia katika zote, lakini kwa sababu za kikazi.

Nimepewa Jumamosi hii. Kasuku amenipongeza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi
Utafiti. Nina bahati: binti yangu ana miaka kumi na saba, yaani soko zima liko nyumbani kwangu na linakula kwangu. Nilimsubiri atoke bafuni, nikamuuliza kijana wa leo anahisi nini ndani kabisa. Akasema njaa. Nimeandika: njaa (ya maisha).

Nikamwomba alete darasa lake Jumamosi. Akakataa. Nikabembeleza. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba nikimwona ukumbini nisimsalimu. Nikasema hilo ni gumu kwa baba. Akasema basi. Nikakubali haraka.

Mke wangu ameniuliza kwa nini nahangaika na watoto wa watu wakati bomba la jikoni linavuja tangu mwaka jana. Hana jicho la sanaa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepeleka bango kwenye geti la shule yao. Nimelitunga mwenyewe: MWILI WAKO UNABADILIKA? MOYO UNAKWENDA MBIO? SULUHISHO JUMAMOSI SAA NANE. Kofia niliigeuza nyuma kama wafanyavyo vijana, jua likanichoma paji la uso.

Mlinzi akasoma taratibu, akaniuliza ni ya kunywa au ya kupaka. Akina mama wawili wakataka kujua kama inafaa pia kwa waume zao. Kisha akatoka mwalimu mkuu. Nilimweleza mambo ya sanaa na roho ya ujana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nibandue na nisirudi na dawa zangu karibu na wanafunzi wake.

Binti yangu alipita hatua mbili kutoka nilipo, akizungumza kwa bidii na ukuta. Sharti lilikuwa la ukumbini tu. Nikamsalimu kwa nguvu.

Jumamosi, 8 Machi
Vijana arobaini! Binti yangu amenitimizia, ingawa hajaongea nami tangu juzi.

Filamu ni ya kijana anayeondoka kwao. Anakunja shati. Anakunja shati kwa dakika kumi na moja, mama yake amesimama mlangoni, hakuna anayesema neno. Ustadi mtupu. Kwenye mkono wa pili wa shati, kijana mmoja akauliza kama litapigwa pasi pia. Wakaangua kicheko. Kufika kwenye kola walikuwa wameanza kutoka, wawili wawili, na robo saa baadaye wote walikuwa nje wamejipanga kwenye ukuta wa nyuma na simu zao.

Karibu na mwisho wakaingia wazazi waliokuja kuwachukua. Walichungulia kutafuta watoto. Wakatazama skrini. Wakakaa. Fundi wa meno. Dereva wa lori. Dada wawili wasioongea tangu msiba wa baba yao. Mama wa kwenye filamu alipolinusa lile shati, ukumbi ulilia kama matangani, na wale dada walikuwa wanagombania leso moja.

Nikamwona Meneja anakuja na Kasuku kuhesabu vijana. Akili ikafanya kazi. Nilishuka mbio nikawaomba wote wajikunje vitini, washike simu usoni na wasionyeshe kufurahia chochote. Walitii, Mungu awabariki. Lakini kipara cha fundi wa meno kilinasa mwanga wa projekta na kuangaza safu tatu. Kasuku akatangaza: vijana, sifuri.

Meneja alikuwa anapenga kamasi. Nadhani ana mafua.

Jumapili, 9 Machi
Binti yangu amevunja kimya. Nilimuuliza wenzake wameguswa sehemu gani zaidi. Akaweka kijiko chini.

“Baba, zile filamu si zetu. Ni zenu.”

Nikamuuliza zinakuwaje zetu wakati walio ndani ni vijana.

“Sisi tumo humo sasa hivi. Hatuna cha kutazama. Ninyi mmeshatoka, ndiyo maana mnalia.”

Nimemwambia asikate tamaa, ladha hujengwa polepole. Mama yake aliondoka mezani akaenda kucheka jikoni. Tulimsikia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetukanwa. Meneja ameniita peke yangu. Amesema ameliona lile shati na akampigia simu mwanawe wa kwanza aliyeondoka miaka minne iliyopita, wakazungumza saa nzima. Amesema watu wa umri wetu hawana pa kwenda kulia kwa heshima. Anataka kipindi hicho kila Jumamosi, kwa watu wazima, na mimi niwe mkuu wake. Chumba chenye dirisha na kila kitu.

Watu wa umri wetu! Mimi! Nimesimama wima nikamwambia mimi ni mtu wa vijana, siwezi kuwa mchunga wazee. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema sijawahi kuwa na hakika zaidi. Goti lilipiga kelele nilipogeuka, lakini ni la kushoto, halijawahi kuwa na nidhamu.

Kasuku alikuwa mlangoni. Akasema watu wa umri wetu hawana pa kwenda kulia kwa heshima. Kwa sauti ya juu zaidi. Kapewa yeye.

Jumamosi, 15 Machi
Ukumbi umejaa hadi ngazi. Kasuku hajui kuendesha hata redio, lakini anasimama mbele na kutambulisha filamu “yangu” kama aliizaa yeye. Mimi nawasha projekta, kisha nashuka kuuza tiketi mpaka apatikane mwuzaji mwingine. Mama mmoja mtu mzima alinishika mkono dirishani, akataka kujua nani alikuwa na wazo hili zuri. Nikafungua mdomo. Kasuku akajibu kutoka ndani.

Nilipoinama kutafuta chenji nilimwona binti yangu anapita na mama yake. Wameingia pamoja. Sikuwasalimu. Wametoka macho mekundu, wote wawili, wameshikana mikono. Tiketi hawakununua kwangu, na sijui hata nani alimlipia mwenzake. Ajabu: kijana mmoja, kwenye filamu ya wazee. Takwimu ndogo, nimeipuuza.

Jumapili, 16 Machi
Leo mchana binti yangu alinifuata barazani. Amepata nafasi chuo cha uuguzi, mji wa mbali, safari ya siku mbili. Anaondoka mwezi ujao. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikasema vizuri sana, hongera.

“Leo naomba tukae tu, baba,” akasema. “Usiniulize kitu. Tukae.”

Tukakaa kwenye kiti kirefu cha mbao. Mabega yetu yaligusana. Kifua kilinibana, labda ni mihogo. Ilipita kama dakika nne, na hapo likanijia, wazi kama mchana, lile nililolitafuta wiki mbili nzima. Vijana wanataka kukaa! Filamu zilikuwa sawa tangu mwanzo. Tatizo ni viti. Nilikimbia ndani kuchukua kalamu kabla wazo halijapotea.

Niliporudi hayupo. Nadhani kile kiti hakikumfaa. Kesho naanza na Meneja: mito ya kukalia, safu zote.